Misoprostoli inakata damu, iloprosti inazuia isigande: inakuwaje na zote ni ukoo wa prostaglandini?

Kuna swali ambalo wakunga na watu wa duka la dawa wanaliuliza sana na mimi nalipenda kuliko maswali yote ya dawa. Misoprostoli tunampa mama aliyetoka kujifungua ili damu isimwagike. Alafu unafungua karatasi ya iloprosti, dawa ya presha ya mishipa ya mapafu, unakuta wameandika wazi kwamba dawa hii inazuia pleteleti, zile chembe za kugandisha damu, zisishikane, mgonjwa anaweza kutoka damu kirahisi, kuwa mwangalifu kama tayari anatumia dawa zingine za kufanya damu iwe nyepesi. Zote mbili zimetengenezwa kwa kuiga prostaglandini. Sasa inakuwaje moja inakata damu na nyingine inaiachia?

Jibu fupi ni kwamba jina la ukoo halikuambii kitu. Cha kuuliza ni dawa imekamata kipokezi gani (yaani protini ya seli inayopokea ujumbe kutoka nje), kile kipokezi kiko kwenye seli ya aina gani, na ujumbe ukishaingia ndani ya ile seli unaelekea wapi. Jibu refu ndo hili hapa chini, na nitaenda pole pole maana pale katikati ndo watu wanapotea, hata wale waliokaa darasani miaka.

Tuanze na prostaglandini zenyewe. Ulf von Euler wa Sweden alizielezea miaka ya 1930, baadaye wakaja Sune Bergström na Bengt Samuelsson, nao Waswidi, na John Vane wa Uingereza, hawa watatu wakapewa Nobeli ya tiba mwaka 1982 kwa kazi hiyo. Prostaglandini sio kama insulini, ambayo inatengenezwa sehemu moja alafu inasambaa mwili mzima. Karibu kila seli inajitengenezea zake pale pale inapozihitaji, zinafanya kazi kwa majirani, zinaisha. Malighafi yake ni mafuta, asidi ya arakidoniki yenye kaboni 20, ambayo muda wote imekaa kwenye utando wa seli. Seli ikiumia ama ikiguswa na kitu, enzaimu inaitwa fosfolipesi A2 inaichomoa ile asidi kwenye utando, alafu enzaimu nyingine, COX, inaigeuza kuwa PGH2. Hapo kwenye PGH2 ndo njia panda, kutoka hapo kila seli inashika njia yake kulingana na enzaimu iliyo nayo: pleteleti zinatengeneza thromboksani A2, ukuta wa mshipa wa damu unatengeneza prostasaiklini, tumbo linatengeneza PGE2 ya kujilinda na asidi yake lenyewe. Malighafi ni moja lakini kazi ni tofauti kabisa.

Sasa pleteleti, ama chembe sahani. Ni vipande vidogo mno, upana wake maikromita 2 hadi 3, vinamegeka kutoka kwa seli kubwa zinazokaa kwenye uboho wa mifupa. Mtu mzima mwenye afya ana kati ya 150,000 na 450,000 kwa kila maikrolita ya damu, na hapa Uganda kama umewahi kusoma majibu ya damu ya mtu aliyepigwa na malaria kali unajua zile namba zinavyoporomoka. Zinaishi siku 7 mpaka 10. Na hazina kiini. Hilo la kiini lishike, maana bila kiini pleteleti haiwezi kujitengenezea enzaimu mpya ikiharibiwa ile iliyozaliwa nayo, na habari nzima ya aspirini imesimama juu ya hilo.

Ukitaka kuzielewa vizuri inabidi uzione. Unachukua damu kwenye chupa ya sitreti inayoizuia isigande, unaizungusha kwenye sentrifuji kwa spidi ndogo, seli nyekundu zinazama chini na juu inabaki plazima ya njano yenye pleteleti. Ishike kwenye mwanga wa dirisha na uitikise kidogo tu. Ina ukungu, na ule ukungu unazunguka na kumetameta ndani ya chupa, hiyo inatokea kwa sababu pleteleti zilizotulia ni bapa na mwanga unazipiga kwa pembe tofauti zikigeuka. Watu wa benki ya damu wanaangalia hivyo hivyo mfuko wa pleteleti kabla ya kuutoa, mfuko usiometameta unatia wasiwasi, maana yake pleteleti zimeshaacha ubapa zikawa za mviringo. Alafu unaweka ile plazima kwenye kichupa kidogo chenye joto la 37, sumaku ndogo inaikoroga, taa inapita upande mmoja na upande wa pili kuna kifaa kinapima mwanga uliopenya na kuuchora kama mstari. Mashine hiyo aliielezea Gustav Born, London, mwaka 1962, na mpaka leo wazo lake ndo hilo hilo. Ukidondosha kidogo ADP, kemikali inayoamsha pleteleti, mstari kwanza unashuka kidogo sana, hapo pleteleti zinabadilika umbo, alafu unaanza kupanda kwa sababu zinashikana na mwanga unapata nafasi ya kupita. Ndani ya dakika chache ule ukungu umeisha, plazima imekuwa angavu, na unaona kwa macho yako mabonge madogo meupe yanazungushwa na sumaku.

Rudia jaribio lakini safari hii kabla ya ADP weka prostasaiklini, nanogramu chache tu kwa mililita. Mstari unabaki chini, ukungu uko vile vile. Ni kiasi ambacho hata mizani nyingi za maabara haziwezi kukiona, na kimetosha kuzinyamazisha pleteleti zote kwenye kile kichupa. Nani amezinyamazisha na kwa njia gani?

Hapa sasa tuingie ndani ya pleteleti. Kuna vitu viwili vinavyopeleka ujumbe ndani ya seli vya kufuatilia, kalsiamu na saikliki AMP. Kalsiamu ikipanda pleteleti inaamka, saikliki AMP ikipanda pleteleti inatulia. Ukishika hivyo viwili dawa karibu zote za pleteleti utazielewa bila kukariri, unauliza tu, hii inagusa kalsiamu ama inagusa saikliki AMP, na kwa kupandisha ama kwa kushusha?

Thromboksani A2, iliyogunduliwa na Samuelsson na wenzake mwaka 1975, inakaa kwenye kipokezi kinaitwa TP. Upande wa ndani wa utando TP imeshikana na protini inaitwa Gq, hii inaamsha fosfolipesi C, nayo fosfolipesi C inakata mafuta fulani ya utando na kutoa vipande viwili, IP3 na DAG. IP3 inaenda kwenye ghala la kalsiamu lililoko ndani ya pleteleti na kulifungua. DAG inaamsha enzaimu ya PKC, na hizo mbili kwa pamoja zinaifanya pleteleti imwage vitu ilivyobeba kwenye vifuko vyake, ikiwemo ADP, na itengeneze thromboksani zaidi. TP hiyo hiyo pia inaongea na protini za G12/13 na hizo ndo zinabadilisha umbo, pleteleti inaacha kuwa bapa inavimba na kutoa mikono. Mwisho wa yote, protini za juu ya pleteleti zinaitwa GPIIb/IIIa zinajifungua na kushika fibrinojeni, protini iliyoko kwenye damu, fibrinojeni moja ikishikwa na pleteleti mbili bonge limeanza. Thromboksani yenyewe inaishi kama sekunde 30 tu kabla haijaharibika lakini sekunde 30 zinatosha kuwaamsha majirani.

Ila pleteleti haiamki kwa ishara moja ndogo, na ni vizuri hivyo, la sivyo tungekuwa tunaganda tukipanda ngazi. Kuna kolajeni inayofunuliwa mshipa ukichanika, kuna thrombini, kuna ADP ya majirani, kuna thromboksani, na zote zinajumlishwa. Ni kama teksi pale Old Park Kampala, abiria mmoja hawezi kuiondoa, inasubiri viti vijae, na ikishajaa haisubiri mtu tena. Prostasaiklini kazi yake ni kuongeza viti. Ishara zile zile ambazo jana zilitosha kuiondoa teksi, leo hazitoshi.

Inafanya hivyo kupitia kipokezi kingine kabisa, kinaitwa IP. Usichanganye na ile IP3, majina yamefanana tu. Kipokezi cha IP kimeshikana na protini ya Gs, Gs inaamsha enzaimu ya adenileti saiklesi, hii inageuza ATP kuwa saikliki AMP, na saikliki AMP inaamsha enzaimu ya PKA. PKA inabandika fosfeti kwenye protini nyingi ndani ya pleteleti. Ikibandika kwenye mlango wa ghala la kalsiamu, IP3 haiwezi kuufungua vizuri. Ikibandika kwenye protini inaitwa VASP, ile mifupa ya ndani ya pleteleti inashindwa kujipanga upya, kwa hiyo hata umbo halibadiliki. Hiyo VASP tutaihitaji mwishoni.

Historia ya ugunduzi wake mimi inanifurahisha sana. Mwaka 1976 Salvador Moncada, Ryszard Gryglewski, Stuart Bunting na John Vane walikuwa wanatafuta kwenye ukuta wa ateri kitu kinachofanana na thromboksani, wakakuta ukuta unatoa kitu kinachofanya kinyume kabisa, kinazuia pleteleti na kulegeza ateri. Hawakujua ni nini, wakakiita PGX. Baadaye ndo kikaitwa prostasaiklini. Kwa hiyo mshipa mzima, usio na jeraha, muda wote unaziambia pleteleti zinazopita: tulieni. Na haufanyi peke yake, unatoa pia naitriki oksaidi, ambayo inapandisha saikliki GMP, na saikliki GMP inazuia enzaimu ya PDE3 inayoharibu saikliki AMP. Yaani mmoja anatengeneza saikliki AMP na mwingine anailinda isiharibiwe. Ukichanika, sehemu ile iliyochanika haina tena ule ukuta wa kusema tulieni, na papo hapo kolajeni iko wazi. Bonge linaanza pale na linaishia pale, kwa sababu pembeni mshipa mzima bado unaendelea kutoa prostasaiklini.

Baada ya hapo dawa zinaeleweka. Epoprostenoli ni prostasaiklini yenyewe iliyotengenezwa kiwandani, Marekani iliidhinishwa mwaka 1995 kwa ugonjwa wa presha ya mishipa ya mapafu, ambapo ateri zinazopeleka damu kwenye mapafu zimekaza na upande wa kulia wa moyo unachoka. Shida yake ni maisha mafupi, haimalizi dakika 6 kwenye damu nusu yake imeshaisha. Kwa hiyo mgonjwa anawekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa kifua na pampu ndogo anayotembea nayo usiku na mchana, analala nayo, anaoga nayo kando, na ile pampu ikisimama ghafla presha ya mapafu inaweza kurudi juu kwa nguvu na kumuua. Fikiria mtu wa Koboko ama Kotido na dawa ya namna hiyo. Ndo maana wakatafuta zinazodumu. Iloprosti inakaa kama dakika 20 hadi 30, inavutwa kwa mashine mara 6 hadi 9 kwa siku. Treprostinili inafika kama saa 4. Alafu mwaka 2015 ikaja seleksipagi, kidonge cha mara mbili kwa siku, na hii kwa umbo lake la kikemia sio prostaglandini kabisa, haifanani nazo hata kidogo, lakini inakamata kipokezi cha IP kama zile zingine. Madhara yake ndo yale yale ya ukoo ambao hata sio wake: kichwa kuuma, uso kuwaka, taya kuuma, kuharisha. Kipokezi hakina habari na ukoo wa mtu.

Na hizi dawa za kuiga haziko safi kama kwenye mchoro wa darasani. Iloprosti inakamata IP lakini inakamata pia EP1 na EP3, ambavyo ni vipokezi vya PGE2. Treprostinili inapita pia kwa vipokezi vingine vya prostaglandini, DP1 na EP2. Hapo unaanza kuelewa kwa nini dawa mbili zinazoelezwa kwa sentensi moja kwenye kitabu hazifanani kwa mgonjwa.

PGE2 yenyewe inastahili kusimamiwa kidogo, maana ndo inayowachanganya watu kuliko zote. Juu ya pleteleti PGE2 ina kipokezi cha EP3, na EP3 imeshikana na Gi, protini inayoshusha saikliki AMP. Kwa hiyo PGE2 kidogo haiamshi pleteleti peke yake lakini inazifanya ziwe rahisi kuamka, ADP ndogo ambayo isingetosha sasa inatosha. Ukiongeza PGE2 ikawa nyingi matokeo yanageuka, inaanza kuzuia, kwa sababu kwa kiasi kikubwa inafika kwenye vipokezi vingine vinavyopandisha saikliki AMP. Kitu kimoja, seli moja, na majibu mawili kulingana na kiasi. Sasa linganisha na PGE1. Tofauti ya PGE1 na PGE2 ni bondi moja maradufu kwenye mkia, basi. Lakini PGE1 inapendwa na kipokezi cha IP, kwa hiyo yenyewe inazuia pleteleti moja kwa moja. Bondi moja tu na seli inasikia amri ya kinyume.

PGE1 kama dawa inaitwa alprostadili. Watu wa moyo wa watoto wanaijua, kuna mtoto anazaliwa moyo haukuumbika vizuri, damu haiwezi kufika kwenye mapafu isipokuwa kupitia ule mshipa mdogo wa wakati wa tumboni unaounganisha ateri kubwa mbili, na ule mshipa kwa kawaida unajifunga siku za mwanzo baada ya kuzaliwa. Unaona midomo na kucha zinabadilika kuwa za bluu, oksijeni unaweka lakini haibadilishi kitu. Alprostadili inaingizwa kwa dripu, maikrogramu 0.05 mpaka 0.1 kwa kilo kwa dakika, msuli wa ule mshipa unalegea kwa kupitia saikliki AMP, unabaki wazi mpaka mtoto afike kwa wapasuaji. Lazima kuwe na mtu wa kumwangalia anavyopumua maana inaweza kusimamisha pumzi. Na kwa sababu kipokezi cha IP kiko pale pale kwenye pleteleti zake, karatasi ya dawa inaonya kuhusu watoto wenye tabia ya kutoka damu. Kwenye msuli saikliki AMP imepanda, msuli ukalegea. Kwenye pleteleti saikliki AMP imepanda, pleteleti zikatulia.

Sasa tunaweza kurudi kwa misoprostoli. Misoprostoli imetokana na PGE1, ndo maana watu wanategemea ifanye kama PGE1. Lakini waliibadilisha kemikali yake ili iweze kumezwa na idumu, ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya vidonda vya tumbo, na baada ya mabadiliko hayo inapenda zaidi vipokezi vya EP kuliko IP. Kwenye msuli wa mfuko wa uzazi inakamata EP3, na kwenye msuli ule EP3 inapandisha kalsiamu, msuli unakaza. Mishipa inayopeleka damu kwenye kondo inapita katikati ya nyuzi za ule msuli. Mimba ikifika miezi tisa damu inayopita pale ni karibu nusu lita kila dakika, wakati mwingine zaidi. Kasi hiyo pleteleti peke yake haziwezi kuisimamisha hata kama ziko 400,000. Kinachoisimamisha ni msuli kukaza na kubana ile mishipa kutoka nje, na pleteleti na protini za kugandisha zinamalizia zikikuta damu imeshapungua kasi. Kwa hiyo misoprostoli inakata damu bila kupitia kwenye pleteleti kabisa, na iloprosti inaathiri pleteleti bila kwenda kwenye msuli wa uzazi kufanya kazi hiyo. Swali la mwanzo jibu lake ndo hilo.

Hata ule mtetemeko ambao wakunga wanaujua, mama amemeza vidonge vitatu vya maikrogramu 200, baada ya muda kidogo anatetemeka meno yanagongana na joto linapanda, nao ni EP3, ila hii iko kwenye ubongo sehemu inayopanga joto la mwili. Watu wanakimbilia kusema ni malaria. Mtetemeko unaokuja ndani ya saa ya kwanza na kuisha ni wa dawa, lakini joto lisiloshuka mpaka kesho yake ni habari nyingine, mama apimwe haraka. Shirika la Afya Duniani bado linaweka oksitosini mbele, ila oksitosini inataka friji ya nyuzi 2 mpaka 8 na mtu wa kuchoma sindano, na kwenye kituo cha afya ambacho stima inapotea siku mbili hivyo vyote ni shida, misoprostoli inakaa kwenye kabati tu. Ila nguvu ile ile ya kukaza msuli ndo inayoifanya iwe hatari mtoto akiwa bado ndani, hasa kwa mama aliyewahi kufanyiwa upasuaji, mfuko unaweza kuchanika. Sio dawa ya kununua kwa ushauri wa jirani.

Mpaka hapa nimezungumzia dawa zinazoongeza ujumbe. Kuna zinazoupunguza, na hizi ndo ziko kila duka la dawa kuanzia Busia mpaka Arua. Mwaka 1971 Vane alionyesha kwamba aspirini inazuia utengenezaji wa prostaglandini. Inachofanya ni kubandika kipande chake kwenye COX, na kikishabandikwa hakitoki. Seli ya ukuta wa mshipa ina kiini, inatengeneza COX nyingine baada ya saa kadhaa, maisha yanaendelea, prostasaiklini inatoka tena. Pleteleti haina kiini. COX yake ikishafungwa imefungwa mpaka ife. Ndo maana aspirini ndogo ya miligramu 75 mara moja kwa siku inatosha kukata karibu thromboksani yote na kuacha sehemu kubwa ya prostasaiklini, na ndo maana daktari wa upasuaji anakuuliza ulimeza lini mara ya mwisho: kila siku pleteleti mpya kama asilimia 10 zinaingia, kwa hiyo inachukua siku kadhaa damu irudi kawaida hata kama dawa yenyewe ilishatoka mwilini siku ile ile uliyoimeza. Hiyo hiyo miligramu 75 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa wajawazito walio kwenye hatari kubwa ya presha ya mimba, ila ianzishwe mapema na iandikwe na daktari.

Ibuprofeni inakaa kwenye COX alafu inaondoka. Inaonekana haina madhara, lakini angalia hii: mtu wa moyo anameza ibuprofeni kwa ajili ya mgongo, baada ya muda mfupi anameza aspirini yake. Ibuprofeni imeshakaa kwenye nafasi, aspirini inafika haina pa kubandika, na aspirini yenyewe ndani ya dakika 15 hadi 20 nusu yake imeshavunjwa. Ibuprofeni ikiondoka, aspirini haipo tena. Mgonjwa amemeza dawa zote mbili na pleteleti zake ziko huru. Ushauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani kwa aspirini ya kawaida isiyofunikwa ni kumeza aspirini kwanza, usubiri angalau nusu saa ndo umeze ibuprofeni, ama kama ulianza na ibuprofeni ziwe zimepita zaidi ya saa 8. Hapa kwetu mtu anafungiwa vidonge vya rangi tatu kwenye kikaratasi bila jina, unajuaje ulichomeza kwanza? Omba uandikiwe majina. Ni haki yako, na kama uko kwenye miezi mitatu ya mwisho ya mimba uliza mara mbili, maana diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuufunga ule mshipa wa mtoto niliousema juu kabla wakati wake haujafika.

Kuna pia lile somo la Vioxx, dawa ya maumivu. COX ziko aina mbili. Pleteleti zina COX-1, lakini prostasaiklini ya ukuta wa mshipa kwa sehemu kubwa inatoka kwa COX-2. Wakatengeneza dawa za maumivu zinazozuia COX-2 peke yake ili kuokoa tumbo, tumbo kweli likapona, lakini prostasaiklini ikapungua na thromboksani ikabaki kama ilivyo. Vioxx ilikuwa mojawapo, na Septemba 2004 kampuni ya Merck ikaiondoa sokoni duniani kote kwa sababu ya mishtuko ya moyo na kiharusi. Ukishajua nani anatengeneza nini kwa enzaimu ipi, matokeo hayo hayashangazi.

Klopidogreli, ambayo wagonjwa wengi wa moyo wanaandikiwa pamoja na aspirini, haina uhusiano na prostaglandini kwa umbo wala kwa kipokezi. Inafunga kipokezi cha ADP kinaitwa P2Y12. Lakini P2Y12 imeshikana na Gi, na Gi kazi yake ni kushusha saikliki AMP, kwa hiyo ukiifunga umelinda kile kile ambacho prostasaiklini inakitengeneza. Silostazoli na dipiridamoli nazo zinazuia enzaimu zinazoharibu saikliki AMP. Njia zote hizo zinakutana sehemu moja.

Na maabara wanautumia mkutano huo kupima. Klopidogreli inaamshwa na ini, na kuna watu ambao enzaimu yao ya ini, CYP2C19, haifanyi kazi vizuri, wanameza kila siku na hawapati ulinzi. Kuwapima, damu yao inagawanywa mara mbili. Sehemu ya kwanza inawekewa PGE1 peke yake, saikliki AMP inapanda, PKA inabandika fosfeti kwenye VASP, unaipima. Sehemu ya pili inawekewa PGE1 pamoja na ADP. Kama P2Y12 iko wazi, ADP inaishusha saikliki AMP na fosfeti ya VASP inapungua sana. Kama fosfeti imebaki juu hata ADP ikiwepo, P2Y12 imefungwa, dawa inafanya kazi kwa huyo mgonjwa. Ikiporomoka, daktari anatafuta dawa nyingine.